Kabla ya kwenda juu, mwili huenda mbele

SWALI: Shikamoo dada mtaalamu. Naandika kutoka Kibirizi, Kigoma. Mama yangu ana miaka 67 na anauza dagaa. Kutwa nzima anaanika na kuchambua, amekaa kwenye kigoda kifupi pale mchangani. Tangu mwaka jana kuinuka kumekuwa shughuli. Anajaribu mara mbili tatu, anarudi nyuma, anakaa tena. Mimi na mdogo wangu wa kiume tunamshika makwapani tunamnyanyua, lakini sasa analalamikia bega. Tukachanga tukamnunulia sofa apumzike vizuri, na hapo kwenye sofa ndipo hawezi kabisa. Kinachonishangaza, kitandani anaamka mwenyewe. Siku za mbalamwezi dagaa hawavuliwi, basi anakaa nyumbani wiki nzima, na akirudi mwaloni hali inakuwa mbaya zaidi. Majirani wanasema magoti yameisha mafuta, tumpeleke akachomwe sindano. Je, ni magoti? Na tumwinueje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na mama mfikishie shikamoo yangu.

Jibu umeshaliandika mwenyewe, ila hukujua kama ndilo. Kitandani mama anaamka, kwenye sofa hawezi. Magoti anayoamka nayo kitandani ndiyo hayohayo anayokaa nayo kwenye sofa. Kilichobadilika ni kimo cha mahali alipokaa, ulaini wake, na nyayo zake ziko wapi anapoanza kujiinua. Sisemi magoti yake ni mazima. Kwa umri huo, na kwa miaka yote aliyokunja miguu pale mchangani, huenda yamesagika kiasi. Lakini hata goti lililosagika linaweza kumwinua mtu likipewa nafasi, na goti zima litashindwa likinyimwa.

Jaribu kitu leo jioni. Mkalishe mdogo wako kwenye kiti cha plastiki, mgongo uegemee, miguu ameinyoosha kidogo mbele kama mtu anayesikiliza mpira redioni. Weka kidole kimoja katikati ya paji la uso wake. Usimsukume, zuia tu kichwa kisije mbele. Sasa mwambie asimame bila kushika kitu. Hatasimama. Nimewafanyia hivyo vijana wanaovuta nyavu usiku kucha, wenye vifua vipana, na kidole kimoja kimewatosha. Wote hucheka, kisha hunyamaza na kuanza kujiuliza. Miguu yao ina nguvu ya kubeba mtumbwi, kwa nini imeshindwa kuwabeba wenyewe?

Imeshindwa kwa sababu kidole kimewazuia kwenda mbele. Uzito wa mtu una kitovu chake, na mtu akiwa amekaa kitovu hicho kipo usawa wa tumbo, juu ya makalio, na kinachoubeba ni kiti. Nyayo ziko mbele kabisa, hazijabeba kitu. Ili miguu iweze kubeba, uzito lazima kwanza utoke juu ya kiti uhamie juu ya nyayo, na njia yake ni kiwiliwili kuinama mbele kutoka nyongani. Mtu akitoa makalio kwenye kiti kabla uzito haujafika huko, anabaki hewani, hajabebwa na kiti wala na miguu. Atarudi nyuma tu, hata awe na mapaja ya mcheza mpira. Hiyo ndiyo safari ya mama: anajaribu, anarudi, anakaa. Anayemtazama kwa mbali anasema nguvu zimekwisha, kumbe pengine zipo, ila anataka kwenda juu wakati uzito bado uko nyuma.

Mtazame mtoto wa miaka sita akiitwa na wenzake. Hafikirii, lakini mwili wake unafanya mambo kwa mpangilio. Anavuta miguu nyuma, visigino vinaingia chini ya kiti. Kichwa na kifua vinakwenda mbele kwa kasi kidogo. Magoti yanasogea mbele mpaka juu ya vidole. Makalio yanatoka kwenye kiti wakati bado ameinama, na baada ya hapo ndipo nyonga na magoti yanapoanza kunyooka pamoja mpaka asimame wima. Yote hayo huchukua kama sekunde mbili. Msuli unaotangulia kufanya kazi uko mbali na goti: ni ule wa mbele ya muundi, unaokaza unyayo chini na kuuvuta mguu mbele. Hufuata ile mikubwa ya mbele ya paja, kisha ya makalio na ya mgongo.

Sehemu ngumu kupita zote ni pale makalio yanapoachana na kiti. Ile kasi ya kifua kwenda mbele inageuzwa hapo hapo kuwa nguvu ya kwenda juu, na paja linapokea mzigo wote kwa mara moja. Mtu mwenye afya hutumia kasi hiyo bila kujua. Mzee aliyewahi kuanguka, au anayeogopa tu kuanguka, huiogopa. Anainama polepole, anasimama katikati, anajifikiria, kasi inakwisha, na sasa lazima ainuke kwa nguvu ya paja peke yake. Wengine hawainami kabisa. Wanaona sakafu iko mbele yao, kwa hiyo wanakaza shingo na kuegemea nyuma, na hapo wameshajizuia wenyewe kama kile kidole. Muulize mama taratibu, mkiwa wawili, kama aliwahi kuanguka mwaka huu na hakuwaambia. Wazee wengi huficha.

Sasa tuje kwenye kigoda chake.

Shika ndoo ya maji ya lita 10 ikiwa imeegemea paja lako. Haina shida. Sasa ishike kwa mkono ulionyooka mbele. Maji hayajaongezeka hata kikombe, lakini bega linawaka. Kadiri mzigo unavyokuwa mbali na kiungo, ndivyo kiungo kinavyoubeba kwa taabu. Mtu aliyekaa kwenye kigoda kifupi, magoti yamepanda juu kuliko nyonga, uzito wake uko mbali sana nyuma ya magoti na pia uko chini sana. Ana safari ndefu ya mbele na ndefu ya juu, na anaianza akiwa amejikunja mahali ambapo misuli ya paja ni dhaifu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba kiti kirefu, kikilinganishwa na kifupi, kinaweza kupunguza mzigo wa goti mpaka asilimia 60 na wa nyonga mpaka asilimia 50. Kusukumia mikono kwenye viegemeo vya kiti kulipunguza mzigo wa nyonga kwa karibu nusu. Ni dawa hiyo, na inapatikana kwa seremala.

Kuna na mchanga. Mama anaposukuma chini, mchanga unazama, na visigino ndivyo vinavyotangulia kuzama kwa sababu uzito uko nyuma. Kisigino kikizama, mwili unaegemea nyuma zaidi. Mtafutieni ubao mpana, hata kipande cha ubao wa mtumbwi wa zamani, awe anakanyagia wakati wa kuinuka.

Na kitenge. Nakuomba ukiangalie. Mama zetu wakikaa kuchambua dagaa hujifunga kitenge kikaze, wakakibana magotini kwa heshima, na hilo ni jambo jema. Lakini kitenge kikibana hivyo, magoti yanagongana, nyayo haziachani, na mguu hauwezi kuvutwa nyuma. Nilikuwa na mama mmoja Ujiji aliyekuja kwangu akishikwa na watoto wawili. Kabla ya zoezi lolote nilimwomba tukilegeze kitenge, nikampa na suruali laini avae ndani ili asione haya. Nyayo zikaachana upana wa nyonga, visigino vikarudi nyuma, akainuka kwa jaribio la pili. Hakupona siku ile, misuli yake ilikuwa bado dhaifu na tulifanya naye kazi miezi mitatu. Lakini aliona kwa macho yake kwamba mwili wake haujamkataa.

Mguu urudi nyuma kiasi gani? Kisigino kiwe nyuma ya goti kama sentimeta 10, karibu upana wa kiganja cha mkono. Ukirudi zaidi ya hapo kisigino kinanyanyuka na mtu anayumba. Ukibaki mbele, lazima ainame mno kuufuata. Kama kifundo cha mguu ni kigumu, labda aliwahi kuteguka, mguu hautakubali kurudi, na hapo kifundo ndicho cha kushughulikia kabla ya goti.

Ndiyo maana sofa imewashinda. Najua mlijinyima kulinunua, na nia yenu ilikuwa njema. Ila sofa lile, kama ni haya ninayoyaona madukani, ni fupi, laini na refu kwenda ndani. Makalio yanazama mpaka chini ya magoti. Mgongo uko mbali, kwa hiyo ili aegemee lazima ajivute nyuma kabisa. Mbele chini kuna ubao umezibwa, kisigino kinagonga hapo na hakiwezi kurudi nyuma hata kwa bahati mbaya. Kitanda chake, kwa upande mwingine, nadhani ni kirefu, godoro lake limeshakuwa gumu, na chini kuko wazi. Anakaa ukingoni, miguu inaingia chini ya uvungu, anainama, anasimama. Kitanda kimempa kila kitu ambacho sofa limemnyima.

Msiliuze. Mpeni fundi kazi aongeze vitalu imara vya mbao chini ya miguu yote minne ya sofa, vipigiliwe visiteleze, na ndani ya mto muweke ubao au godoro gumu lililokatwa. Lakini kama mna uwezo wa kiti kimoja tu cha mama, kitengenezeni upya, mninga upo na mafundi wapo. Mpime mama akiwa amevaa ndala zake za kila siku: kutoka sakafuni mpaka kwenye mkunjo wa nyuma ya goti. Ongeza sentimeta tano mpaka nane. Hicho ndicho kimo cha kikalio baada ya mto kubonyea, siyo kabla. Mbele chini kuwe wazi kabisa. Viegemeo vya mikono vifike mpaka ukingo wa mbele wa kiti, kwa sababu mtu anayeinuka husukumia mbele, na kiegemeo kinachoishia katikati hakimsaidii. Kina cha kikalio kimruhusu kuegemea huku nyayo zikikaa chini. Fundi atakwambia kiti kama hicho hakina mtindo. Mwambie ni cha mama.

Kwa kazi ya mwaloni, ushauri wangu ni kuacha kigoda moja kwa moja na kupandisha kazi imfuate yeye. Dagaa wakianikwa juu ya kichanja cha waya badala ya mchangani, mama anawageuza akiwa amesimama, na kuchambua anachambua kwenye meza akiwa kwenye kiti kirefu. Dagaa wa kichanja hawana mchanga na wanunuzi wanawapenda zaidi, kwa hiyo hata akisita kwa ajili ya afya yake, huenda akakubali kwa ajili ya bei.

Sasa bega. Hapa naongea kwa uchungu kidogo, kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza masomo, nipo kwenye hospitali moja, wodi imejaa, na baba mmoja mzee alitakiwa kusimama. Nikamwingiza mikono makwapani, nikavuta juu. Alisimama. Jioni hakuweza kuinua mkono kuvaa shati, na bega lile lilimuuma wiki nyingi baada ya mguu uliomleta kupata nafuu. Hakunilaumu hata mara moja, alinisalimia kila asubuhi kwa upole, na sijasahau.

Kiungo cha bega kimeumbwa ili kiwe huru, kwa hiyo hakijashikiliwa na mifupa mingi, kimeshikiliwa na misuli na kano. Ukimnyanyua mtu kwa makwapa, uzito wote unaning'inia hapo. Ubaya wa pili ni kwamba mnamvuta juu, wakati mwili wake ulihitaji kwenda mbele. Anajisikia anachukuliwa, anakaza, anaegemea nyuma, nanyi mnavuta zaidi, na migongo yenu inaumia. Kumvuta mikono kutoka mbele nako si kuzuri, kwani anayevutwa hujikaza kurudi nyuma.

Fanyeni hivi. Kwanza mama ajisogeze mpaka ukingoni mwa kiti, shavu moja la kalio kisha jingine, kama mtu anayetembea kwa makalio. Hapo peke yake mnaweza kushangaa kiasi gani cha kazi kimekwisha. Arudishe visigino nyuma, nyayo ziachane upana wa nyonga. Wewe kaa au simama ubavuni kwake, upande ulio dhaifu, ukitazama anakotazama yeye. Kiganja chako kimoja kiwe mgongoni, kwenye mfupa wa bega. Kingine akiegemee kama anavyoegemea meza, kiganja juu ya kiganja, asikishike kwa kung'ang'ania. Mikono yake mwenyewe ikisukuma kwenye kiti ni bora zaidi. Kisha mwambie, "Mama, pua ipite vidole vya miguu." Neno hilo liwe lilelile kila siku, na wote nyumbani walitumie. Akiinama, subiri. Mkono wako wa mgongoni unamsindikiza mbele, haumsukumi. Utahisi makalio yanakuwa mepesi, na hapo ndipo unapomwambia, "Haya, juu." Akitazama chini miguuni mwake atajikunja mgongo badala ya kuinama nyongani, kwa hiyo mpe kitu cha kutazama mbele yake, kama mlango au uso wa mjukuu.

Tukirudi kwenye mbalamwezi, hapo ulinifurahisha, kwa sababu wachache hugundua. Wiki ile ya kupumzika haimpumzishi. Msuli wa mtu mzima usiotumika unakwisha haraka kuliko tunavyodhani. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo wazee wenye afya, wastani wa umri wao miaka 67 kama mama, walikaa kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Mama halali kitandani siku hizo, lakini kama anashinda kwenye sofa ambalo hawezi kulitoka, hana tofauti kubwa. Anapunguza hata kunywa maji ili asiende msalani mara kwa mara. Muulize.

Kwa hiyo zoezi lake ni lilelile linalomshinda, ila liwe rahisi kwanza. Chukua kiti kigumu chenye viegemeo, kiegemee ukuta kisije kikateleza, weka juu yake mablanketi mawili yaliyokunjwa vizuri mpaka afikie kimo anachoweza kuinuka bila kupigana. Ainuke na kukaa mara tano asubuhi, tano mchana, tano jioni. Akiweza mara kumi bila kuhema sana, punguza tabaka moja la blanketi. Baada ya wiki chache, jaribuni bila mikono. Maumivu kidogo ya misuli kesho yake ni ya kawaida. Goti likivimba au likiuma mpaka asubuhi ya pili, rudisheni blanketi.

Na msiwe na haraka na kukaa. Watu hufundisha kuinuka wakasahau kukaa, na kwangu mimi kukaa ndiyo nusu bora ya zoezi. Misuli inayomwinua ndiyo inayomshusha, na inapomshusha polepole inajengeka sana. Mama akirudi nyuma, miguu iguse kiti kwanza, mikono itafute viegemeo, ainame mbele, makalio yaende nyuma na chini huku ukihesabu mpaka tatu. Asijibwage. Mama wa umri wake ambaye mifupa yake imepungua ugumu anaweza kuvunjika pingili ya uti wa mgongo kwa kujibwaga tu kwenye kiti kigumu, akadhani ni mgongo wa kawaida.

Chakula nacho. Msuli haujengwi kwa zoezi bila protini, na ninasikitika kuona wanaouza dagaa wakirudi nyumbani kula ugali na mboga za majani peke yake kwa sababu dagaa ni fedha. Atengewe fungu lake kila siku, au maharage, au yai. Kama aliwahi kuambiwa figo zina tatizo, muulizeni daktari kwanza kiasi gani.

Mkitaka kujua kama anaendelea vizuri, kuna kipimo kisicho na gharama. Kiti kigumu cha kimo cha sentimeta 43 hivi, mikono ameikunja kifuani, saa ya simu. Anainuka mpaka wima na kukaa mara ngapi ndani ya sekunde 30? Kwa kipimo kinachotumika Marekani, mwanamke wa miaka 65 mpaka 69 akipata chini ya mara 11 anahesabiwa yuko katika hatari zaidi ya kuanguka. Akitumia mikono, alama ni sifuri. Usimpime leo, atavunjika moyo. Mpime akishaweza bila mikono, halafu kila baada ya mwezi.

Kitu kingine kinachofanana na udhaifu lakini siyo: kizunguzungu. Mtu akisimama, damu inashuka miguuni, na mwili unatakiwa kuirudisha upesi. Kwa wazee, hasa wanaotumia dawa za presha au wasiokunywa maji ya kutosha, haurudishi upesi. Mama akisema "macho yanafanya giza" anapoinuka, mwambie muuguzi ampime presha akiwa amekaa na tena ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, daktari anatakiwa kujua, labda dawa zirekebishwe. Asiache dawa mwenyewe. Wakati huo, kabla ya kuinuka apige nyayo chini na juu mara kumi, na akisimama asianze kutembea mpaka ahesabu pole pole mpaka kumi.

Kuhusu sindano. Goti halina tangi la mafuta linaloisha likajazwa. Majimaji ya goti yapo na yanatengenezwa na mwili. Zipo sindano zinazopunguza maumivu kwa wiki kadhaa kwa mtu anayezihitaji, na anayeamua ni daktari aliyeligusa goti hilo na kulipiga picha ikibidi. Hazimwongezei mama nguvu ya paja hata chembe. Akipata nafuu ya maumivu, atumie nafuu hiyo kufanya mazoezi. Ninachokuomba ni kuacha kumnunulia vidonge vya maumivu kila wiki dukani. Vile vya jamii ya daiklofenaki vikitumika muda mrefu vinaumiza tumbo na figo na kupandisha presha.

Yapo mambo ambayo hutakiwi kuyasubiri wala kunisubiri mimi. Mguu mmoja ukilegea ghafla, mdomo ukienda upande au maneno yakimgomea, ni hospitali saa hiyohiyo. Vilevile akishindwa kuzuia haja, au sehemu za siri na mapaja yakifa ganzi. Goti likiwa jekundu, la moto, na homa juu. Akishindwa kukanyaga baada ya kuanguka. Mgongo unaouma usiku pamoja na kukonda na kutoka jasho, apimwe na kifua kikuu, kwa maana kinaingia hata kwenye pingili za uti wa mgongo. Na kama pamoja na kuinuka anashindwa pia kuinua mikono kusuka nywele au kuanua nguo, mwambie daktari kwa maneno hayohayo. Udhaifu wa mapaja na mabega kwa pamoja unaweza kuwa ugonjwa wa misuli yenyewe, na mazoezi ya kiti hayautibu.

Limebaki la mkekani, kwa sababu najua hata mkimpa kiti cha dhahabu bado ataketi chini na wajukuu, na kama anaswali atahitaji kusujudu. Sitaki kumkataza. Kutoka chini kuna njia yake, na haihitaji mtu wa makwapani. Ageukie ubavu, asukume kwa mikono mpaka awe amepiga magoti na viganja chini, kama mtu anayepiga deki. Atambae mpaka kwenye kiti kigumu kilichoegemea ukuta, aweke mikono yote miwili juu ya kikalio. Mguu wenye nguvu zaidi auweke mbele, unyayo mzima chini, goti jingine libaki sakafuni juu ya kanga iliyokunjwa. Pua ipite vidole vya mguu ule wa mbele, asukume, na badala ya kusimama moja kwa moja ageuze makalio akae kwenye kiti apumzike. Kusimama kutafuata. Mfundisheni kwanza siku ambayo hajaanguka, mchana, mkiwa wote nyumbani, ili akianguka siku moja yupo peke yake asikae akilia kusubiri mtu. Na wewe jifunze naye, ulale chini ubavuni kwake mfanye pamoja.